Nani Aamue Kando ya Kitanda cha Mgonjwa? Nadharia na Kanuni za Maadili katika Maamuzi ya Tiba, kwa Kutazama Mkoa wa Simiyu

1. Utangulizi

Mchungaji wa usharika huitwa hospitalini ili asali. Lakini akiisha kusema "Amina", mara nyingi wale walioketi kuzunguka kitanda humgeukia na kumwuliza: "Mchungaji, unatushauri nini?" Hapo hawaulizi tena habari za sala. Wanauliza kama mguu wa baba ukatwe au usikatwe. Kama ng'ombe wauzwe ili mgonjwa apelekwe Mwanza. Kama mama aambiwe ukweli wa kansa yake au afichwe. Wanafunzi wanaorudi kutoka mafunzo ya vitendo sharikani hulileta swali hilo darasani kila mwaka, wala haifai kuwajibu kwa maneno ya jumla.

Makala hii inakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa kifupi nadharia za maadili na kanuni zinazotumika leo katika maamuzi ya tiba. Pili, kuzipima nadharia na kanuni hizo kwa hali halisi ya watu wa Bariadi na wilaya jirani zake. Tatu, kupendekeza utaratibu ambao mchungaji anaweza kuufuata bila kujifanya daktari na bila kuukimbia wajibu wake.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya zilizokuwa za Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2, walio wengi wakiwa Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Safari ya mgonjwa huanzia zahanati ya kijiji, ikapitia kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi. Ikishindikana hapo, huendelea hadi Bugando jijini Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Baadhi ya watu wa Meatu huelekea mashariki, kwenda Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Kila hatua ya safari hiyo ina nauli yake, na kila nauli hudai uamuzi. Hivyo maadili ya tiba si somo la madaktari peke yao. Ni somo la kila nyumba yenye mgonjwa.

2. Nadharia tatu za maadili

Nadharia ya kwanza ni ile ya wajibu. Mwalimu wake mkuu ni Immanuel Kant (1724–1804) wa Ujerumani. Kwake, tendo ni jema si kwa sababu ya faida inayotokea baadaye, bali kwa sababu linatii sheria ya maadili inayomfunga kila mtu mwenye akili. Toka hapo alifundisha kwamba mwanadamu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia shabaha ya mwingine. Katika tiba, nadharia hii hutuambia kwamba kumdanganya mgonjwa ni kosa hata kama uongo ule ungemfurahisha.

Nadharia ya pili hupima tendo kwa matokeo yake. Jeremy Bentham (1748–1832) na John Stuart Mill (1806–1873) wa Uingereza walifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta manufaa makubwa zaidi kwa watu walio wengi zaidi. Mganga mfawidhi mwenye chupa mbili za damu na wagonjwa watano wanaozihitaji huwaza kwa njia hii, apende asipende. Nadharia hii ina nguvu katika mipango ya afya ya jamii, kama vile chanjo. Udhaifu wake ni kwamba yule mmoja aliye dhaifu anaweza kutolewa sadaka kwa ajili ya wengi.

Nadharia ya tatu ni ya tabia njema, yenye asili kwa Aristotle na kuendelezwa katika Kanisa na Thomas wa Aquino. Hii haiulizi kwanza "Nifanye nini?", bali "Niwe mtu wa namna gani?" Daktari mwenye huruma, busara, ujasiri na uaminifu ataona lililo jema hata pale ambapo kitabu cha kanuni hakikuandika kitu. Wazee wetu wa Usukuma waliijua njia hii pasipo kuisoma: mzee aliitwa barazani kutoa neno kwa sababu ya mwenendo wake, si kwa sababu ya nadharia yake.

Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayotosha peke yake. Ya wajibu hulinda mtu lakini yaweza kuwa ngumu kama jiwe. Ya matokeo hutazama mbali lakini husahau aliye karibu. Ya tabia njema huunda moyo lakini haisemi wazi nini kifanyike saa nane ya usiku.

3. Kanuni nne

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ulimwengu ulishtuka kusikia madaktari wa utawala wa Hitler walivyowatendea wafungwa, na mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg ikatamka masharti ya utafiti juu ya binadamu, la kwanza likiwa ridhaa ya hiari. Hata hivyo uovu haukukoma. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuelezwa ukweli na bila kutibiwa, ingawa penisilini ilikuwa imekwisha kupatikana. Kutokana na aibu kama hizo, mwaka 1979 Tom Beauchamp na James Childress walitoa kitabu chao kilichoeneza kanuni nne zinazofundishwa leo karibu katika kila chuo cha uuguzi na udaktari.

(a) Kuheshimu uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Mtu mzima mwenye akili timamu aelezwe ugonjwa wake, tiba iliyopo, hatari zake na njia nyingine; kisha akubali au akatae bila kushurutishwa.

(b) Kutodhuru. Kama mhudumu hawezi kuponya, angalau asiongeze madhara.

(c) Kutenda mema. Haitoshi kuepuka madhara. Mhudumu atafute kwa bidii heri ya mgonjwa.

(d) Haki. Mzigo na manufaa ya huduma vigawanywe bila upendeleo, wala umaskini wa mtu usiwe hukumu yake ya kifo.

Kanuni hizi ni kama mafiga ya jikoni: chungu hukaa imara yanapotumika pamoja. Taabu huanza zinapogongana. Mgonjwa akikataa damu kwa sababu ya imani yake, uhuru wake unapingana na nia ya daktari ya kutenda mema. Hapo ndipo busara inapotakiwa.

4. Mgonjwa na ukoo wake

Msomaji anaweza kuuliza: je, kanuni ya uhuru wa mgonjwa si mgeni katika nchi yetu? Swali hili lina uzito. Katika vijiji vya Simiyu mgonjwa hayuko peke yake. Mwenye ng'ombe wa kuuza ndiye mwenye nauli, na mara nyingi mwenye ng'ombe si mgonjwa. Kwa mila ya Wasukuma, hata swali la mtoto ni wa ukoo upi liliamuliwa na mahari: ng'ombe wakiisha kutolewa mtoto ni wa upande wa baba, wasipotolewa, ni wa upande wa mama. Kwa hiyo ugonjwa unapoingia, banamhala wa pande zote mbili huwa na neno. Aidha wako wanaotaka kwanza kwenda kwa mfumu ili waelezwe ni nani aliyesababisha ugonjwa. Daktari hujibu swali la "nini". Mfumu hujibu swali la "nani". Asiyelielewa jambo hili hatafahamu kwa nini mgonjwa huchelewa kufika hospitalini.

Tusiudharau ukoo. Katika Injili ya Marko 2:1–12 aliyepooza aliletwa na watu wanne, nao walitoboa dari kwa ajili yake. Bila ukoo, mgonjwa wa Bariadi hana wa kumletea uji wodini, hana mtoaji wa damu, hana wa kumlipia dawa. Ushirika huo ni zawadi ya Mungu.

Lakini Injili hiyohiyo inatuonyesha upande wa pili. Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo kipofu anataka afanyiwe nini (Mk 10:51), ingawa haja yake ilionekana na wote. Kando ya birika la Bethzatha alimwuliza yule mgonjwa wa miaka 38 kama anataka kuwa mzima (Yn 5:6). Hakuuliza jamaa, wala hakuuliza umati. Basi heshima kwa sauti ya mgonjwa haikuletwa kwetu na wanafalsafa wa Ulaya peke yao. Imo katika mwenendo wa Bwana wetu. Ukoo umbebe mgonjwa, lakini usimnyang'anye kinywa chake.

Kwa ajili hiyo napendekeza kuisoma kanuni ya uhuru hivi: mgonjwa aamue akiwa kati ya watu wake, wala watu wake wasiamue mahali pake. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini kwa mwanamke aliyelala kitandani ni kubwa mno.

5. Fundisho la Samunge

Hatuwezi kuzungumzia maamuzi ya tiba mbele ya wachungaji wa Kilutheri bila kukumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti kutoka kwetu, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alianza kuwapa watu kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga. Alieleza kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inaponya magonjwa sugu kama kisukari, kansa na UKIMWI. Bei ilikuwa shilingi 500. Makumi ya maelfu ya watu walimiminika huko, viongozi wa serikali wakiwamo. Magari yalipanga foleni kwa siku nyingi, na wako wagonjwa waliofariki njiani wakisubiri zamu yao. Mwasapile alifariki Julai 2021.

Tulipime tukio hili kwa kanuni zetu, bila dhihaka na bila chuki. Upande wa haki, kikombe kilikuwa na jambo la kujifunza: tajiri na maskini walilipa shilingi 500 zilezile, wakanywa dawa ileile. Mtu aliyeshindwa gharama za hospitali alijiona amehesabiwa kuwa mtu. Upande wa kutodhuru, wataalamu wa serikali walieleza kuwa dawa ile haikuwa na sumu. Lakini madhara hayakuwa ndani ya kikombe. Yalikuwa katika kile ambacho watu waliacha baada ya kukinywa. Wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wako walioacha dawa za kisukari, wakiamini wamekwisha kupona. Upande wa uhuru, mgonjwa alikwenda kwa hiari, ni kweli. Lakini hiari isiyokuwa na habari kamili ni nusu ya hiari. Neno la mchungaji lina uzito ambao neno la mwuza dawa sokoni halina.

Hapa ndipo fundisho lilipo. Mtumishi wa Neno anaposema "hii inaponya", msikilizaji hulipokea kama ahadi ya Mungu. Kwa hiyo asiseme asilolijua. Kuombea wagonjwa na kuwapaka mafuta ni agizo (Yak 5:14–15); kumwambia mgonjwa aache dawa zake si agizo la Maandiko popote. Isaya alipopelekewa neno la kupona kwa Hezekia, aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu (Isa 38:21). Sala na dawa vilikwenda pamoja.

6. Luther na tauni ya Wittenberg

Kanisa letu lina urithi wake katika jambo hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki pamoja na mwenzake Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni, naye akamjibu Johann Hess kwa barua iliyochapwa mwaka huohuo.

Jibu lake halikuwa la neno moja. Alisema wenye dhamana kwa wengine, yaani wachungaji, watawala, waangalizi wa wagonjwa, wasiondoke maadamu wanahitajika. Wengine wanaweza kuondoka, mradi jirani yao asiachwe bila msaada. Aliwakemea pia wale waliojiita wenye imani huku wakidharau dawa na tahadhari. Kwake huo ulikuwa ni kumjaribu Mungu, maana dawa na akili ni vipaji vya Mungu huyohuyo.

Tukiitazama barua hiyo tunaona nadharia zote tatu zikikutana: wajibu unaotokana na wito wa mtu, hesabu ya matokeo kwa jirani, na tabia ya ujasiri wenye busara. Lakini kiini chake ni jirani. Katika Katekisimo Ndogo, amri ya tano haikomei kwenye kutoua. Inatudai kumsaidia jirani katika kila hitaji la mwili wake. Kwa Mlutheri, maadili ya tiba huanza hapo.

7. Mifano miwili ya kufundishia

Mfano wa kwanza. Tuseme mwanamke wa miaka 22 wa kijiji kimoja cha Itilima amekuwa katika uchungu tangu jana. Tabibu anasema ni uchungu pingamizi. Bila upasuaji mama na mtoto wako hatarini. Mume yuko Meatu na ng'ombe, simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema mwenye mke asubiriwe. Mchungaji anafika.

Nadharia ya matokeo inasema saa zinakwisha. Ya wajibu inasema mwanamke huyu ni mtu, si mali iliyolipiwa ng'ombe. Kanuni ya uhuru inasema yeye ni mtu mzima, na ridhaa yake inatosha. Lakini mchungaji akimkaripia mama mkwe mbele ya watu, atakuwa amevunja nyumba ambayo mwanamke yule atarudi kuishi ndani yake. Basi afanye hivi: amwinamie mgonjwa na kumwuliza, kwa Kisukuma ikibidi, "Mayu, umesikia alivyosema tabibu? Wewe unataka nini?" Akiisha kujibu, mchungaji alirudie jibu lake kwa sauti mbele ya wote, na kumwambia mama mkwe kwa heshima kwamba mwanawe atakaporudi atataka kumkuta mke na mtoto, si maelezo. Kisha atie mkono kutafuta usafiri. Mfano huu unagusa pia haki: sera ya taifa inawapa msamaha wa malipo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mchungaji aijue sera hiyo, ili dawa zinapokosekana familia isikate tamaa kabla ya kufika ofisi ya ustawi wa jamii.

Mfano wa pili. Mzee mmoja ana kansa isiyoweza kuponywa tena. Watoto wanamsihi daktari asimwambie: "Atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa." Wanamwomba mchungaji naye anyamaze.

Nia yao ni upendo, tusiite uovu. Hata hivyo tuangalie kinachopotea. Namhala ana madeni ya mahari aliyodai na aliyodaiwa. Ana mashamba ya kugawa, ndugu aliyekosana naye, na roho yake mbele za Mungu. Nabii alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake (Isa 38:1), na hilo haliwezekani kwa mtu aliyefichwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini ukweli usitupwe kama jiwe. Mchungaji awashauri watoto wamwulize mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na nani awepo atakapoambiwa. Mzee akisema, "Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi inatosha", huo nao ni uamuzi wake na uheshimiwe. Kilicho kosa ni kumwamulia bila kumwuliza, na kumwambia uongo pale anapouliza.

Hapa yafaa kugusa kwa kifupi habari ya kupima virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Sheria ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kulazimishwa kupimwa. Na tena inamtaka aliyejua kuwa ana virusi amjulishe mwenzi wake. Mchungaji aliyeambiwa siri hiyo na mchumba asiitangaze, wala asibariki uongo. Afuatane na mhusika hata aseme mwenyewe. Na asipokubali kusema, mchungaji anaweza kukataa kufungisha ndoa bila kutaja sababu kwa mtu yeyote.

8. Maswali matano kwa mchungaji

Ili msaada uwe wa utaratibu, mchungaji ajiulize hivi kabla ya kutoa neno:

(1) Ukweli wa ugonjwa ni upi, na nimeusikia kwa mhudumu au kwa uvumi?

(2) Mgonjwa mwenyewe anataka nini, na je, ameulizwa mahali ambapo anaweza kusema bila hofu? Kama ni mtoto, wazazi wanakumbuka kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wajibu wa kumpatia tiba na chanjo?

(3) Ni nani atakayebeba gharama ya uamuzi huu, na je, amesikilizwa?

(4) Ni madhara gani yatatokea tukikubali, na yapi tukikataa au tukichelewa?

(5) Uamuzi ukiisha kufanyika, usharika utafanya nini kesho asubuhi?

Swali la tano husahauliwa sana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na ni tumaini kubwa. Lakini sheria haiji wodini na chakula. Usharika unaoshauri mgonjwa apelekwe Bugando bila kuchanga nauli umetoa nusu ya ushauri. Msamaria Mwema hakutoa hoja tu. Alitoa punda wake, mafuta yake na dinari mbili (Lk 10:34–35).

9. Hitimisho

Nadharia za maadili hutusaidia kuona. Kanuni hutusaidia kusema. Lakini hakuna mojawapo inayoweza kukaa na mgonjwa usiku. Hiyo ni kazi ya watu. Tumeona kwamba katika mazingira ya Simiyu hatari iko pande mbili: kumwacha mgonjwa peke yake na karatasi ya ridhaa asiyoielewa, au kumzungusha na ukoo mpaka sauti yake isisikike. Kazi ya mchungaji ni kusimama katikati, akiulinda ushirika na akiilinda sauti.

Wanafunzi wa theolojia wajifunze haya mapema, kabla hawajaitwa. Wazungumze na wauguzi na matabibu wa maeneo watakayopangiwa, wajue kituo cha afya kilicho karibu na saa zake, wawajue banamhala wa kijiji na namna wanavyofikia neno. Siku atakayoitwa, ndugu mchungaji hatapata nafasi ya kufungua kitabu. Atakuwa na dakika chache, mgonjwa mmoja, na jamaa wengi wanaomtazama. Amwulize kwanza mgonjwa.